Twendeni Karema, Wana Katavi

Ndugu mwananchi wa Katavi, naomba nikuulize jambo dogo, na usinijibu haraka. Mara ya mwisho kuliona Ziwa Tanganyika kwa macho yako ilikuwa lini?

Dagaa wake tunawala kila wiki. Migebuka ya kukausha tunainunua sokoni Mpanda, tunaibonyeza kwa kidole, tunalalamikia bei, kisha tunafungiwa kwenye gazeti na kwenda nayo nyumbani. Wilaya nzima tumeipa jina la ziwa hilo. Lakini wapo watu wazima hapa mjini, wenye wajukuu, ambao hawajawahi kuchovya mguu katika maji yale.

Si kosa la mtu. Barabara ilikuwa ya kukatisha tamaa, nauli ilikuwa kubwa, na palizi haingoji. Mimi mwenyewe nilikaa Mpanda miaka mingi kabla sijafika Karema, na siku nilipofika nilikuwa nimekwenda msibani.

Baada ya mazishi, mzee mmoja wa pale alinishika mkono. "Mwanangu," aliniambia, "umekuja kuzika, na tumezika. Sasa njoo nikuonyeshe kwetu." Tukaenda taratibu, yeye na fimbo yake, mimi na viatu vya mjini vilivyojaa mchanga. Akanipandisha mahali palipo na majengo ya misheni, akasimama, akaniuliza: "Unadhani maji ya ziwa yalikuwa yanafika wapi, zamani?"

Nikanyoosha kidole kule chini, mbali, yanakong'aa. Akacheka. "Hapa," akasema, akigonga ardhi karibu na miguu yetu. "Yalikuwa yanakuja karibu na hapa."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe ni kweli. Wabelgiji walipojenga boma lao Karema mwezi Agosti 1879, walilijenga ukingoni mwa maji, kwa nia ya kupata bandari mlangoni. Lakini ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, Mto Lukuga ulikuwa umekwisha kufunguka mwaka mmoja hivi kabla. Kwa muda mrefu mdomo wa mto ule ulikuwa umezibwa na udongo na matete. Ulipozibuka, maji yakaanza kukimbilia Kongo, na ziwa likashuka mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Boma likabaki nchi kavu likilitazama ziwa kwa mbali. Mtu anajenga bandari, bandari inamkimbia! Na miaka ya karibuni maji yamepanda tena. Waulize jamaa zako wa Kigoma au Bujumbura jinsi yalivyoingia mpaka nyumbani kwa watu.

Kwa hiyo ukisimama Karema unasimama mahali ambapo hata ufuko una historia yake. Je, mwanao analijua hilo?

Labda nieleze kidogo, maana si kila mmoja wetu alifundishwa. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda jumuiya aliyosema ni ya kuichunguza Afrika na kukomesha biashara ya utumwa. Kituo cha kwanza kabisa cha jumuiya ile hakikuwa Kongo. Kilikuwa hapa kwetu, Karema, chini ya Kapteni Cambier, aliyefika kwa miguu kutoka pwani akipitia Tabora. Yaliyowapata Wakongo baadaye kwa mkono wa mfalme yule unayajua. Basi ujue pia kwamba hatua za mwanzo za safari ile zilikanyaga mchanga wa mkoa wako.

Na sasa kuna kisa ambacho kila nikikisimulia mjini watu hudhani nawatania. Mwaka ule ule wa 1879, meli ilishusha tembo wanne Msasani, karibu na Dar es Salaam. Tembo wa Uhindi! Walitoka Bombay pamoja na Wahindi wa kuwachunga, chini ya Kapteni Carter, wapelekwe Karema kubeba mizigo na kusaidia kufuga tembo wa huku. Fikiria: kuleta tembo Katavi. Ni kama kupeleka chumvi baharini. Wakulima wetu wanaolala mashambani na madebe ya kufukuzia tembo wangetoa ushauri mzuri, lakini hakuna aliyewauliza babu zao.

Safari ikawala. Mmoja baada ya mwingine wakafa njiani, na aliyefika Karema mwisho wa mwaka alikuwa mmoja, jina lake Pulmalla. Mwaka uliofuata Carter na mwenzake Cadenhead walikuwa wakirudi pwani. Wakauawa Mpimbwe, katika vita vya watu wa Mtemi Mirambo. Mpimbwe ile ile ya kwetu, unayopita ukielekea Usevya. Ndugu yangu wa Mpimbwe unayesoma hapa, kuna babu kijijini aliyewahi kukusimulia? Kama hujamuuliza, mwaka huu muulize.

Mwaka 1885, mataifa ya Ulaya yalipokwisha kugawana ramani, Wabelgiji waliondoka, na boma likakabidhiwa kwa mapadre walioitwa Mapadre Weupe kwa kanzu zao, White Fathers. Hao hawakubomoa; waliingia humo humo, wakajenga na kuongeza. Wakakusanya watoto na watu waliokombolewa utumwani, maana misafara ya pembe na watumwa ilikuwa bado inakatiza ziwa. Vizazi vya watu wale wamo kati yetu leo. Wameoana na Wabende, Wafipa, Watongwe, na hakuna anayeuliza tena nani alitoka wapi. Nafikiri hilo ni jambo zuri kuliko yote niliyosikia Karema.

Lakini ukienda, usirudi kabla hujafika kwa Atiman.

Adrien Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Huko Algeria mapadre wakamkomboa kwa fedha, wakamsomesha, wakampeleka kisiwa cha Malta akajifunza utabibu. Mwaka 1889 akafika Karema. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mbali na kwao kuliko mtu yeyote pale, na lugha ya wenyeji hajui.

Angeweza kukaa miaka miwili akaomba uhamisho, si ndiyo? Tunawajua wanaoomba uhamisho kabla hawajafungua mizigo. Atiman alioa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Kibende, wakapata mtoto, Yosefu, ambaye baadaye akawa padre. Aliwatibu watu wa ufuko ule, akafundisha dini, na hakudharau dawa za miti za wenyeji. Alizichunguza na kuzitumia zilipofaa. Alikufa mwaka 1956, Karema ile ile. Hesabu mwenyewe: miaka 67.

Hospitali moja Sumbawanga ina jina lake, na Dar es Salaam ipo nyumba ya wamisionari inayoitwa Atiman House. Watu wa mbali wanamkumbuka. Je, hapa Mpanda, ukimsimamisha kijana wa kidato cha nne mtaani na kumtajia Atiman, atajua ni mtu au ni dawa ya kikohozi? Simlaumu kijana. Nani alimwambia?

Nimesoma habari za mji mmoja Uhindi, katika nchi ya Watamil, unaoitwa Tharangambadi. Nikashangaa jinsi unavyofanana na Karema. Nao ni mji wa bandari ya kale. Wageni, Wadenmark, walijenga boma pwani mwaka 1620, linaitwa Dansborg. Wamisionari wakafika mwaka 1706, wakajifunza lugha ya wenyeji, wakaleta mtambo wa kuchapa vitabu vya Kitamil. Kule maji hayakukimbia, yalikuja. Hekalu la zamani lililojengwa mwaka 1306 bahari imelila sehemu kubwa, na mwaka 2004 mawimbi ya tsunami yaliupiga mji ule vibaya.

Lakini mji upo, na boma lipo. Ndani yake kuna jumba la makumbusho. Sikukuu zikifika familia za Kitamil hushuka kwenye mabasi na vyakula vyao, watoto wanakimbizana na mawimbi, wazee wanakaa kivulini mwa ukuta uliojengwa na wageni zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Hawasubiri mtalii kutoka Ulaya aje awaambie kwamba mahali pao pana thamani. Wao ndio watalii wa kwanza wa kwao.

Sisi tunashindwa nini?

Sasa barabara inatengenezwa, na bandari mpya ya Karema imekwisha kujengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 47, ili mizigo ivuke kwenda Kalemie na bandari nyingine za Kongo. Miaka mingi meli ya MV Liemba ilipofika kwenye miji kama ile, ilisimama majini, ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka kama vifaranga. Mama na mtoto mgongoni anashushwa kwa kamba usiku wa manane. Meli ile ni mzee wetu: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Leo Karema ina gati. Malori yatakuja, wafanyabiashara watakuja, wageni watakuja. Jambo jema. Lakini mgeni akifika na kuuliza "Hapa ni wapi?", nani atamjibu kama wenye nyumba hatujawahi kufika ukumbini kwetu?

Ndiyo maana nasema twende. Tukatembee, tuone.

Wewe mzazi, unaweza kuanza na kibubu. Weka sarafu tangu sasa, mpaka likizo ya mwezi wa sita, wakati mvua zimekwisha na barabara imekauka. Huhitaji hoteli. Huhitaji hata kamera. Chukua chandarua, maana mbu wa ziwani hawana adabu, chukua unga na chumvi, mengine utayakuta. Mkifika, kabla mtoto hajaruka majini, uliza wenyeji wapi panaogelewa. Ziwa lile lina mamba na viboko, na mvuvi anajua wapi hawapendi kukaa. Na mkipanda mtumbwi kuzunguka kidogo, vaeni jaketi okozi hata kama nahodha anacheka. Ziwa lina kina cha mita 1,470. Duniani linapitwa na Baikal peke yake. Halichekeshi.

Wewe mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili, najua mzigo ulio nao na madarasa yaliyojaa. Lakini mada ya wakoloni na wamisionari unayoiandika ubaoni ina ukuta unaogusika, mwendo wa siku moja kutoka shuleni kwako. Kama fedha za kuwapeleka wote hazipo, wapeleke kumi, warudi wawasimulie wengine. Mtoto akimsimulia mtoto mwenziwe, huwa hasahau.

Dereva na kondakta, mkipita njia ile wasimulieni abiria kidogo. Hata neno moja tu: "Hapa tunaingia mji wenye boma la mwaka 1879." Redio itapumzika dakika tano, haitakufa.

Kwa ndugu zetu wa Karema na Ikola nina maneno zaidi, na nayasema kama mtu aliyepokewa nao vizuri. Mama lishe, bei unayompa jirani mpe na mgeni wa Mpanda. Atakula mara mbili na atawatuma wengine. Weka ndoo ya maji na sabuni pale mlangoni. Wavuvi, mnajua kuliko mimi jinsi vipande vya nyavu na chupa za plastiki vinavyojaa mwaloni. Kila chombo kikirudi na taka zake, mwalo utakuwa mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia bila viatu. Mwaka 2024 mlistahimili miezi mitatu ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, kuanzia katikati ya Mei. Ilikuwa ngumu, sote tuliona hata huku sokoni. Watu walioweza hilo watashindwa na chupa?

Na kuna jambo la matofali. Mtu anajenga banda la kuku, anaona ukuta wa kale umeporomoka, matofali yamelala bure, mazuri, yamechomwa vizuri. Anachukua mawili. Hana ubaya wowote moyoni. Jirani naye anachukua manne. Naomba tu tuyaache pale yalipolala. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo, kama boma la 1879, hulindwa yakitangazwa na Waziri. Boma letu lilizaliwa limechelewa miaka kumi na sita. Kwa hiyo mlinzi wake wa karibu ni wewe unayepita pale kila siku na jembe begani.

Viongozi wetu wa kijiji na wilaya, ninyi mna mengi mezani. Mimi naomba kibao kimoja. Ubao, rangi, maneno matatu ya Kiswahili na mwaka. Fundi wa kuchora vibao vya saluni anaweza kuumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Lakini lililo moyoni mwangu hasa ni wazee. Yule mzee aliyenishika mkono siku ya msiba aliniambia mambo ya siku za Atiman: alivyokuwa akitembea, alivyomtibu mama yake mzee, alivyokuwa akizungumza. Mtu aliyekuwa na miaka kumi Atiman alipofariki leo yuko karibu na themanini. Wamebaki wachache. Na kila mmoja wetu ana simu yenye kinasa sauti, tunaitumia kutumiana vichekesho.

Je, tukitumia dakika thelathini kwa ajili ya bibi? Kaa naye jioni, mambo ya mapishi yakiisha. Usimhoji kama polisi. Muulize alichezea wapi utotoni, nani alimpeleka shule, meli ilipofika walifanya nini, dagaa waliuzwaje wakati wa karabai. Mwache azunguke, mzee akizunguka ndipo anapopita penye hazina. Kisha andika nyuma ya kila picha ya zamani majina ya waliomo, kwa penseli, maana wino hupenya. Nimeona picha nzuri sana katika nyumba moja, watu kumi na wawili wamesimama mbele ya kanisa, na wote waliokuwa wakiwajua wamekwisha kufa. Wamebaki watu kumi na wawili wasio na majina.

Usijali kama ukoo wako haukutoka Karema. Umetoka Mishamo, Katumba, Inyonga, Mwese, umekuja juzi kutoka Shinyanga na ng'ombe wako? Atiman alitoka Timbuktu. Na ukiwa Mwislamu usiogope kwamba pale ni misheni. Omba ruhusa, vaa vizuri, ingia. Wenyeji watakukaribisha, na usishangae wakikupa na samaki.

Basi, nimesema. Mimi mwezi wa saba narudi, Mungu akipenda. Tunakodi gari sisi majirani, tunaondoka Mpanda alfajiri kabla ya jua kuwa kali, tunalala usiku mmoja, tunarudi kesho yake. Mzee wangu yule nimempelekea salamu, amejibu kwamba yupo, miguu tu ndiyo imeanza kumsumbua, na kwamba nisije tena na viatu vile. Nafasi mbili bado zipo, moja ni ya dirishani.